Jibu la Nyumba ya Sita

Kila siku ya shule Sorany Tabares aliamka saa kumi na moja alfajiri, akamkuta mama yake ameshasaga mahindi. Kazi ya Sorany ilikuwa kufinyanga arepa, mikate bapa ya mahindi, kuzipanga juu ya wavu na kuzigeuza kabla hazijaungua. Kutoka dirisha la jikoni aliuona mtaa mzima wa El Guadual Alto: nyumba zimebebana mlimani, moja juu ya kichwa cha nyingine, na katikati yake ngazi ndefu za saruji zikishuka hadi zinapomezwa na ukungu. Walikuwa wamehamia hapo Januari, mama alipopata kazi ya kupika hospitalini. Ilikuwa sasa Aprili, na watu wengi wa mtaa Sorany alikuwa hajawafahamu hata kwa majina.

Siku hiyo darasa la saba lilikuwa na kazi mpya. Mwalimu Dioselina, aliyewafundisha hesabu, aliingia na boksi la fomu.

"Kila mwaka ofisi ya jiji huwauliza wakazi kama wameridhika na huduma," alisema. "Maji, taka, barabara, taa. Mwaka huu wameomba watoto wa shule za mlimani wasaidie. Mnajua kwa nini?"

"Kwa sababu wale watu wazima wao wanachoka kushuka ngazi," alisema Edilson, mchekeshaji wa darasa.

Watoto walicheka. Mwalimu naye alitabasamu kidogo.

"Umesema kweli. Mwaka jana walihoji nyumba za kando ya barabara tu, wakaenda zao. Sasa sikilizeni. Alama moja maana yake sijaridhika kabisa, tano maana yake nimeridhika sana. Mwishoni kila mtu aseme jambo moja kwa maneno yake mwenyewe, nanyi myaandike kama alivyoyasema. Jiji lina fedha za kuweka taa kwenye ngazi moja tu ya mtaa huu mwaka huu. Ngazi ambayo wakazi wake watatoa alama za chini kuliko wote ndiyo itakayopata. Na kila atakayetoa alama chini ya tatu atatembelewa tena na msimamizi, ili tuwe na hakika."

Sorany alipewa Ngazi ya Mianzi, nyumba sita. Majina yalikuwa yamechapwa juu ya fomu kutoka kwenye orodha ya jiji. La mwisho lilikuwa Ofelina Aguirre, nyumba ya sita.

Alianza mchana huohuo baada ya kula. Nyumba nne za juu hazikumchukua muda. Watu walimpa kiti, wakampa kikombe cha maji moto ya sukari guru, wakasema mengi kuliko yaliyoulizwa. Mvua ilianza alipofika nyumba ya tano, kwa Bi Leonilde, mshonaji nguo.

"Taa za ngazi, unaziwekea alama gani?" aliuliza Sorany.

"Moja," alisema Bi Leonilde bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kungekuwa na sifuri ningekupa sifuri."

Sorany hakuuliza sababu. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili na miguu yake ilikuwa imelowa. Aliandika moja, akaaga.

"Usishuke huko chini sasa hivi, mwanangu," mama yule alimwambia. "Hakufai. Ngoja kesho."

Sorany alitoka, akasimama barazani. Chini yake ngazi ziliendelea, lakini vipandio kumi tu ndivyo vilivyoonekana. Vingine vilikuwa ndani ya ukungu mzito kama maziwa. Nguzo ya taa ilikuwepo. Haikuwa na balbu, na nyaya zake zilining'inia zikidondosha maji. Kutoka chini kabisa ulisikika mlango ukijipiga, ukinyamaza, halafu ukijipiga tena. Sorany alishuka vipandio vitatu. Akasimama. Mlango ukagonga. Aligeuka, akapanda mbio hadi nyumbani bila kupumzika.

Fomu zilitakiwa kesho yake asubuhi. Usiku ule, mama akiwa bado kazini, Sorany alikaa na fomu ya nyumba ya sita mbele yake. Kama angeandika moja au mbili, msimamizi angekwenda na kugundua kuwa hakuna aliyehojiwa. Mtu aliyeridhika hafuatwi na yeyote. Kwa hiyo aliandika tano kwenye maji, nne kwenye taka, tano kwenye taa. Chini, mahali pa maneno ya mkazi, alifikiri kidogo kisha akaandika: "Jioni nikikaa mlangoni naona vipandio vyote kama mchana. Sina shida yoyote."

Alipokunja karatasi ile alisikia kitu kikigonga mara moja. Alitazama dirishani. Ilikuwa giza tupu.

*

Ijumaa walijumlisha alama ubaoni. Ngazi ya Mianzi ilipata wastani wa mbili katika swali la taa. Ngazi ya Kanisani, alikokaa Edilson, ilipata moja na nukta nane.

"Basi taa ni ya Kanisani," alisema mwalimu. "Sasa hebu tusome baadhi ya maneno ya wakazi kabla sijapeleka fomu ofisini." Alichambua karatasi. "Hili hapa ni zuri, nimelipenda. Linatoka Ngazi ya Mianzi. 'Jioni nikikaa mlangoni naona vipandio vyote kama mchana. Sina shida yoyote.' Ofelina Aguirre, nyumba ya sita."

Sorany hakuelewa kilichotokea. Aliona vichwa vikigeuka kumtazama Yamile Henao, msichana mpole wa dawati la nyuma, ambaye alikuwa ameacha kuandika.

"Mwalimu," alisema Edilson, na safari hii hakuwa anatania, "huyo alishakufa."

"Nani?"

"Bi Ofelina. Bibi yake Yamile. Alianguka kwenye ngazi hizohizo Desemba."

Mwalimu Dioselina, ambaye hakuwa mkazi wa mtaa ule, aliishusha karatasi taratibu. "Sorany, ulizungumza na nani pale?"

Kweli ilikuwa palepale mdomoni mwake. Lakini macho ya watoto thelathini na tano yalikuwa juu yake.

"Na mama mmoja mzee," alisema. "Alikuwa amekaa mlangoni."

Msichana mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwalimu alikunja uso, akasema labda ni ndugu aliyekuja kukaa pale, atauliza. Kisha kengele ililia, na fomu zikarudi kwenye boksi zote pamoja.

Kufikia saa saba mchana mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba yule binti mgeni alimwona marehemu.

Yamile alimsubiri nje ya lango. Hakulia. Alishika kamba za mkoba wake kwa mikono miwili.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sikumbuki vizuri," alisema Sorany.

"Jaribu."

"Shali."

"Ya kijivu?"

Bibi wote wa mlimani huvaa shali za kijivu. "Ndiyo," alisema Sorany.

Yamile alivuta pumzi. "Mimi alinilea yeye. Siku ile nilikuwa kwa shangazi, tumegombana, nikakataa kurudi. Alikuwa anapanda kunifuata." Alikaza tena zile kamba. "Aliniulizia?"

Sorany alitaka kusema hapana. Aliutazama uso ule, akaona kwamba neno hapana lingeuvunja, au ndivyo alivyojidanganya.

"Aliuliza kama unakula," alisema.

Yamile aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia, akaondoka.

*

Kuanzia siku hiyo Sorany hakupata raha. Jikoni, alipogeuza arepa, aliusikia ule mlango wa chini ukigonga hata siku zisizo na upepo. Njiani, kila mwanamke aliyejifunika kwa ajili ya baridi alimfanya moyo uruke. Aliota mama mzee asiye na uso amekaa mbele ya mlango na fomu mapajani, akimwuliza kwa upole, "Na mimi nimesema nini, mwanangu? Nisomee nilichosema." Mama yake alimpima homa kwa kiganja, hakukuta kitu.

Baya zaidi lilikuwa lile aliloliona kwa macho yake. Kila jioni, ukungu ulipoanza kupanda, Yamile alipita chini ya dirisha lao akiwa na arepa mbili zilizofungwa kwenye kitambaa, akashuka Ngazi ya Mianzi peke yake. Alirudi giza limeshaingia, na kile kitambaa hakikuwa na kitu.

Siku ya nne mvua ilinyesha tangu mchana. Yamile alishuka. Saa kumi na mbili ilipita, na robo ikapita, na Yamile hakurudi. Sorany alisimama dirishani hadi hakuweza kusimama tena. Alivaa koti la mama yake, akatoka.

Alipita nyumba ya tano. Baada ya hapo alishuka akishika ukuta, akivitafuta vipandio kwa ncha ya kiatu. Ukungu ulimwingia mdomoni. Vipandio vingine vilikuwa vimemomonyoka, na kimoja kilicheza chini ya mguu wake kama jino bovu. Maji yaliteremka kando yake yakinong'ona. Mlango uligonga mahali fulani mbele yake, karibu sana sasa.

Kisha ukungu ulipasuka kidogo, akamwona. Mbele ya nyumba ya sita, kwenye kizingiti, alikaa mtu aliyejifunika shali ya kijivu kutoka kichwani hadi magotini, hasogei, na pembeni yake arepa mbili.

Sorany alikaa palepale juu ya saruji yenye maji.

Yule mtu aliinua kichwa. Alikuwa Yamile.

"Wewe," alisema Yamile. "Hatoki. Nimeleta shali yake ili aijue. Labda anakutokea wewe tu. Kaa hapa pamoja nami."

"Hatatoka, Yamile."

"Ulimwona saa ngapi? Pengine nawahi mno."

"Sikumwona." Sorany aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Sikufika hapa. Niliishia kule kwa Bi Leonilde. Niliogopa giza nikarudi nyumbani, nikaandika mwenyewe. Sikujua kama amekufa. Yote niliyoandika ni ya kutunga."

Mlango nyuma ya Yamile ulivutwa na upepo, ukagonga. Kufuli lake lilikuwa limekatika.

"Na shali?"

"Ulisema wewe rangi."

"Na kama ninakula?"

"Nilitunga."

Yamile aliitoa shali kichwani polepole, akaikunja mara mbili, tena mara ya tatu, akihakikisha pembe zinakutana. Ilichukua muda mrefu. Sorany angependa apigwe.

"Alikuwa akipiga simu ofisi ya jiji kila mwezi," Yamile alisema mwishowe. "Kuhusu ile taa. Walikuwa wanamwita Bi Balbu, wanacheka, anasikia. Miaka miwili. Na wewe umemwandika eti anaona vipandio vyote kama mchana." Sauti yake haikupanda. "Wewe uliogopa kushuka kwa sababu hakuna taa. Halafu ukaandika taa inawaka."

"Ndiyo."

"Sawa. Nimekusikia."

Walianza kupanda. Yamile alitangulia, hakumpa mkono. Lakini katikati ya njia alisimama, akasema bila kugeuka, "Shika ukuta hapa. Kipandio cha sabini na mbili. Ndicho kilichomwangusha bibi." Sorany alishika ukuta kwa mikono yote miwili, akavuka.

*

Mama yake Sorany alipotoka kazini alimkuta bado ana koti lenye maji, amekaa jikoni. Alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Yamile."

"Kesho nitaomba ruhusa kazini, twende kwa mwalimu. Nitakusindikiza, lakini mdomo utakuwa wako."

Mwalimu Dioselina naye hakukaripia. Alitoa daftari, akakokotoa mbele yao. Nyumba tano za Ngazi ya Mianzi zilikuwa zimetoa alama saba tu kwa jumla. Ukiondoa ile tano ya nyumba ya sita, wastani ulikuwa moja na nukta nne.

"Wao ndio walio chini kuliko wote," alisema. "Na fomu zilishakwenda Jumatatu. Kosa langu pia limo. Nilisema nitauliza, sikuuliza. Vaa sweta, Sorany. Tunakwenda ofisi ya jiji sasa hivi."

Ofisini waliingia chumba chenye makabati ya chuma hadi darini. Msimamizi wa utafiti, Bi Nohemí Duque, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Sorany alisimama mbele ya meza yake, akasema: nyumba ya sita hakuna niliyemhoji, mwenyewe amefariki, maneno ni yangu.

Bi Nohemí aliitafuta fomu, akaisoma, kisha akavua miwani.

"Ofelina Aguirre," alisema. "Huyu mama namkumbuka kwenye simu." Aliangalia makabati yale. "Unajua, binti, humu ndani kuna maelfu ya alama za tano. Leo sijui nyingine ngapi ziliandikwa na mtu aliyeogopa ngazi."

Kazi ilirudiwa yote. Kwa wiki mbili Bi Nohemí alikuja mlimani na Sorany akamfuata nyumba hadi nyumba, Mianzi na Kanisani, akibeba ubao wa fomu. Kwenye kila mlango ilibidi aseme kwa nini wanauliza tena. Wengine walimpa kiti kama awali. Wengine walimjibu wakiwa wameshika mlango nusu. Bi Leonilde alisimamisha cherehani.

"Ungeniuliza kwa nini nimesema moja, ningekwambia," alisema. "Mimi ndiye niliyemkuta Bi Ofelina pale ngazini asubuhi."

Nyumba ya sita waliifikia mchana wa jua. Ilikuwa nyumba ndogo tu, yenye makopo ya maua yaliyokauka. Bi Nohemí aliandika kwamba haina mkazi, akafunga mlango kwa waya ili usigonge.

Taa zikaenda Ngazi ya Mianzi. Edilson hakumsemesha Sorany kwa mwezi mzima. "Tulishawaambia nyumbani kwamba tumepata," alimwambia siku moja. "Bibi yangu mimi bado anapanda gizani." Ngazi ya Kanisani iliwekwa kwenye orodha ya mwaka unaofuata.

Juni, mafundi walipomaliza, wakazi wa ngazi ile walitoka nje saa kumi na mbili na nusu kuona. Ukungu ulikuwepo kama kawaida. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine kuelekea chini, na kila moja ilichimba ndani ya ukungu ule duara dogo la njano, hadi mlango wa mwisho ukaonekana. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alianza kusali kwa sauti ya chini.

Sorany alisimama nyuma ya watu. Shangazi yake Yamile, Bi Rubiela, mtoto wa marehemu, ndiye aliyemfuata. Yamile alikuwa kando yake, na ile shali mabegani.

"Wewe ndiwe Sorany?"

"Ndiyo, shangazi. Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini nisikilize kwanza, na wewe Yamile sikiliza." Bi Rubiela alizungumza akiitazama ngazi. "Mama yangu alikuwa mlalamikaji. Sisi wenyewe tulikuwa tunamwambia, mama, tulia, watu wamekuchoka. Alikuwa na jambo moja la kusema hapa duniani, kwamba pale ni giza na mtu atakufa. Ulipomwandika ameridhika ulimnyang'anya hilo moja. Mtu aliye hai ukimsemea uongo atakuja kukukana. Marehemu hawezi. Anakaa kimya, na kimya chake ndicho kilichokuwa kinakunyima usingizi."

Sorany aliinamisha kichwa.

"Mtu akikutuma kuchukua maneno ya mwenzako, yalete yaleyale. Usipoyapata, rudi useme sikuyapata. Utaaibika siku moja, basi. Nafasi tupu kwenye karatasi inamwambia anayesoma aende akaulize. Lakini ukiijaza uongo, hakuna atakayekwenda tena."

"Nimeelewa, shangazi."

"Sasa nishike mkono. Goti langu bovu, na nataka kwenda kuufungua ule mlango, nyumba ipate hewa."

Sorany alimshika mkono wa kushoto. Yamile alisita, akaitazama ile nafasi ya upande wa kulia, kisha akaja akaushika. Wakashuka wote watatu, taratibu, wakiangalia wanapokanyaga.